Mkimbiaji wa mita 800 na 1500 anayeanza kazi ya jiolojia Geita: atatunzaje kasi yake?

Nyamagana_Juu

Wakuu habari za jioni. Nauliza kwa niaba ya mdogo wangu, miaka 23. Muda wake bora mita 800 ni 1:53, mita 1500 ni 3:52. Amemaliza shahada ya jiolojia na amepata mkataba wa kwanza kwenye utafutaji wa dhahabu upande wa Geita. Ratiba ni siku 21 kambini, siku 7 nyumbani Mwanza. Mwanzoni atakuwa porini akikusanya sampuli za udongo, baadaye atahamia kwenye mashine ya kuchoronga, shifti ya saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, na wiki nyingine usiku.

Nyumbani kila mtu anamwambia achague moja, kazi au riadha. Naomba wenye ujuzi wa mambo haya mawili mnisaidie: inawezekana kubaki kwenye kasi hiyo kwa ratiba ya namna hii? Apange vipi mazoezi? Na huko porini ni nini hasa kinachoharibu miguu ya mkimbiaji?

Kocha_Kirumba

Mkuu, kwa 1:53 na 3:52 hana sababu ya kuchagua leo. Wanaomwambia achague wanafikiri mbio za kati zinajengwa kwa wingi wa kilomita peke yake, na hapo ndipo wanapokosea.

Kwenye mita 800 karibu theluthi mbili ya nguvu inatokana na oksijeni, na kwenye mita 1500 ni zaidi ya asilimia 80 hivi. Mtu akiacha mazoezi kabisa, ujazo wa damu ndio unaotangulia kushuka. Kwa wiki tatu uwezo wake wa juu wa kutumia oksijeni unaweza kupungua kwa asilimia 7, na wiki tatu ndio urefu wa kambi yake, kwa hiyo kukaa bure kambini hakumfai. Lakini majaribio ya Robert Hickson huko Marekani, miaka ya 1980, yalionyesha kitu muhimu kwa mtu kama huyu. Waliopunguza dakika za mazoezi hadi theluthi moja huku wakibaki na ukali uleule waliuhifadhi uwezo huo kwa wiki 15. Waliobaki na dakika zilezile wakapunguza ukali, uliwashuka. Basi kambini apunguze muda, asipunguze kasi.

Kasi zenyewe kwa kiwango chake: mwendo wa 1500 ni sekunde 62 kwa mzunguko, yaani 31 kwa mita 200. Mwendo wa 800 ni sekunde 28 kwa mita 200 na 42 kwa mita 300.

Kambini afanye siku mbili ngumu tu kwa wiki. Ya kwanza ni mita 200 mara 10 kwa sekunde 31, akitembea sekunde 60 katikati. Ya pili, kwenye barabara ya changarawe, ni dakika 3 mara 5 kwa mwendo wa mbio za kilomita 5, akijikokota dakika 2 katikati. Pamoja na kupasha na kupoza mwili, kila moja inakwisha ndani ya dakika 45. Siku nyingine ni dakika 25 au 30 taratibu, na kila baada ya siku moja amalizie na mikimbio sita ya mita 80, haraka lakini amelegea mabega. Hiyo mikimbio asiidharau hata kidogo. Ndiyo inayomzuia asichanike misuli ya paja la nyuma siku anaporudi kuvaa spaiki, viatu vya mbio vyenye misumari.

Majeraha mengi ya watu wa ratiba hii hutokea saa 48 za kwanza baada ya kushuka kwenye gari la kambi. Mtu anaona ana siku saba tu, anabana mazoezi makali matatu kwenye siku tatu, na paja linakatika. Siku ya kwanza nyumbani ni kulala na dakika 30 taratibu. Siku ya pili, mita 400 mara 6 kwa sekunde 62, pumziko dakika 2. Siku ya tatu apumzike au ajikokote. Siku ya nne, spaiki mguuni, mita 300 mara 5 kwa sekunde 42, pumziko dakika 4. Siku ya sita, shindano au jaribio la mita 600. Siku ya saba safari.

Kuhusu saa ya kukimbia: kazi ya porini huanza alfajiri na kuisha kama saa 9 alasiri kwa sababu ya jua. Ale, apumzike, akimbie saa 11 jioni. Kwetu huku jua linazama karibu na saa 1 usiku, kwa hiyo asichelewe. Akiwa shifti ya usiku akimbie saa 10 jioni akishaamka, asikimbie asubuhi anapotoka kazini. Asubuhi ile macho yako wazi lakini miguu imelala, ni rahisi kukunja kifundo.

Buti za usalama zinahitaji tahadhari ya peke yake. Kisigino chake kiko juu, ngumu, na kwa saa 12 ukano wa kisigino unakaa umefupishwa. Ukitoka hapo ukaingia kwenye kiatu chembamba, ukano unavutwa ghafla. Kila siku asimame kwenye ukingo wa ngazi, ashushe kisigino polepole kwa mguu mmoja, mara 15 kwa seti 3 goti likiwa limenyooka, kisha mara 15 kwa seti 3 goti likiwa limekunjwa. Aanze wiki kadhaa kabla ya kuingia kambini, asingoje maumivu.

Kutembea porini kilomita 12 na begi mgongoni tayari ni mwendo mrefu wa wiki. Asiongeze mwingine juu yake.

Nyundo_na_Lenzi

Namuunga mkono Kocha kwa mengi, ila hapo mwisho napinga. Kukusanya sampuli si mwendo wa mfululizo. Unatembea mita 50, unasimama, unachimba, unachekecha, unaandika, unatembea tena. Mapigo ya moyo hayakai juu. Kinachochoka ni mgongo, nyonga na mikono. Kwa hiyo wiki ya udongo mwendo mmoja wa dakika 50 bado unahitajika, siku ambayo mstari wa vituo vya sampuli ni mfupi.

Nieleze hesabu yenyewe maana wengi hawaijui. Mstari wa kilomita 3 wenye kituo kila mita 50 una vituo 61. Kila mfuko ni kilo 2 hivi, jumla kilo 122. Hakuna mtu wa kubeba huo mzigo, lakini vijana wapya hubeba mifuko 10 au 12 kabla ya kuishusha, yaani kilo 20 na zaidi upande mmoja wa bega. Kwa mkimbiaji hiyo inapindisha nyonga, na nyonga iliyopinda huonekana wiki mbili baadaye kama maumivu ya goti. Dawa ni kupanga tangu usiku: tazama ramani, weka alama pale mstari unapokata njia ya pikipiki, acha mifuko hapo kila baada ya vituo vitano. Begi liwe na mikanda miwili na mkanda wa kiunoni.

Sasa ardhi yenyewe, ambayo mdogo wako ataikanyaga akiwa kazini na akiwa mazoezini. Wasukuma wana majina ya udongo yanayomtosha mwanajiolojia na mkimbiaji kwa pamoja. Juu, chini ya miamba ya granaiti, kuna luseni, mchanga mkavu wa punje za kwatzi zilizobaki baada ya granaiti kuoza. Chini zaidi kuna itogolo, udongo mgumu kama sakafu. Bondeni kabisa ni mbuga, mfinyanzi mweusi. Mpangilio huu wa kushuka mteremko ndio aina ya jambo lililomfanya Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, apendekeze neno katena mwaka 1935, na leo linatumika duniani kote.

Kwa mguu: luseni inazamisha kisigino na kuchosha misuli ya ndama, nzuri kwa dakika 20 za taratibu, mbaya kwa kasi. Itogolo ni tambarare na ina kasi, lakini ukiipiga kila siku ugoko utauma. Mbuga wakati wa kiangazi inapasuka nyufa za kuingiza mguu mzima na nyasi zinazifunika, hapo asikimbie kabisa. Masika inanata mpaka kiatu kinakuwa na uzito wa tofali.

Kwa kazi: luseni iliyotokana na mwamba wa hapohapo inaweza kukuambia kilichoko chini. Mbuga haikuambii. Ni mfinyanzi mzito uliofunika mwamba, sehemu nyingi umeletwa na maji, na sampuli ya sentimita 30 hapo itatoa majibu ya bure hata kama chini kuna dhahabu. Mpya asiyejua hili anachora ramani yenye pengo kila bondeni na kudhani dhahabu imekatika. Aandike aina ya udongo kwenye kila kituo bila kuruka, na penye mbuga aseme wazi kwamba panahitaji kuchorongwa.

Makosa mengine mawili yanayomtia mtu aibu mwezi wa kwanza. La kwanza ni GPS. Ramani za zamani za nchi yetu zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na GPS inatoka dukani ikiwa na WGS84. Ukichanganya hiyo miwili unakosea karibu mita 300 upande wa kaskazini na kusini. Mistari yako ikiwa na nafasi ya mita 200, umeshatoka kwenye mstari mmoja na kuuvuka wa pili. Kanda ya huku kwenye UTM, yaani mfumo wa gridi ya ramani unaowekwa kwenye GPS, ni 36 Kusini. Kila asubuhi asimame kwenye alama moja inayojulikana kambini, asome namba, aandike kwenye daftari kabla ya kuondoka.

La pili ni dira. Vilima vya Geita vina miamba ya chuma yenye mistari, ndani yake kuna magnetaiti, madini yenye sumaku, na dhahabu nyingi ya eneo hilo imekaa ndani au pembeni ya miamba hiyo. Ukiweka dira juu ya jiwe hilo sindano inahama. Asogee hatua 10 au 20 asome tena. Usomaji ukitofautiana, atumie GPS, aunganishe nukta mbili zilizoachana mita 100 apate uelekeo. Tena dira zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya sindano yake huku inainama upande mmoja na kugusa kioo, kwa hiyo anunue iliyosawazishwa kwa kusini mwa ikweta.

Hapa ndipo mkimbiaji anapopata faida. Kazi yetu bado ina kuhesabu hatua: unapima mita 100 kwa tepu, unatembea mara tano, unapata wastani wako wa hatua mbilimbili, mara nyingi 60 na kitu. Mtu aliyezoea kugawa mizunguko kwa sekunde ana mwendo usiobadilika, na hesabu yake haiyumbi hata akichoka. Ila apime upya kwenye luseni na mlimani, kwa sababu hatua inafupika.

Akihamia kwenye uchorongaji, uzito unabadilika. Vipande vya mwamba vyenye umbo la mcheduara, ambavyo saiti nzima huviita kora, vya kipenyo cha milimita 47.6 vina karibu kilo 5 kwa mita. Vya milimita 63.5 ni kilo 8 na nusu. Trei yenye mita 4 za hivyo vikubwa inapita kilo 34. Trei inabebwa na watu wawili, siku zote, hata kama kuna mtu pembeni anayeonyesha ubavu. Mgongo ukichomoka, msimu wa mbio umekwisha.

Na jambo la haki kwa mwajiri: uchovu wa mazoezi hujionyesha kwenye mifuko kabla ya kujionyesha kwenye miguu. Namba inarukwa, mfuko wa mita ya 46 unapewa tiketi ya 47, na kuanzia hapo shimo zima limehama mita moja. Aandike namba kwenye mifuko yote kabla shifti haijaanza, na kila sampuli ya 20 aweke moja ya kuikagua maabara yenyewe, iwe ya kiwango kinachojulikana au isiyo na dhahabu. Ikitokea siku ngumu ya mazoezi imeangukia siku ya kufungua shimo jipya, aahirishe mazoezi.

Majita_Pwani

Kwa hao wanaosema achague, wakumbushwe Roger Bannister. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari London, akifanya mazoezi saa ya chakula cha mchana, mizunguko 10 ya yadi 440 yenye pumziko la dakika 2, akaishusha mpaka sekunde 59. Tarehe 6 Mei 1954 akakimbia maili kwa 3:59.4. Baadaye akawa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu.

Na cha huku kwetu: Suleiman Nyambui, mtu wa Majita, Musoma, aliyepata medali ya fedha ya mita 5000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980, alisoma na kukimbia Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Filbert Bayi naye alipita hapohapo. Chuo hicho kilianzishwa 1914 kama shule ya madini, na hadi leo timu zake huitwa Wachimba Madini. El Paso iko mita 1,140 hivi juu ya bahari, kimo kilekile cha Mwanza. Mdogo wako akitaka shahada ya pili ya jiolojia, atafute vyuo vya namna hiyo vyenye idara ya miamba na timu ya riadha kwa pamoja, na aulize mapema kama bado ana miaka ya kushindana, kwa sababu vyuo vya Marekani vina kikomo cha miaka hiyo.

Asisahau pia kwamba jiolojia si dhahabu tu. Uchunguzi wa maji chini ya ardhi Mwanza ni kazi ya kudumu. Kwenye granaiti maji yanakaa kwenye nyufa, lazima mtu apime ukinzani wa umeme wa ardhi kabla ya kuchimba kisima, na kazi hiyo ni ya mchana, jioni uko nyumbani. Kwa mtu anayetaka kufika 1:50, miaka miwili ya kazi hiyo ina thamani kuliko posho ya kambi.

Maabara_Bugando_Jirani

Naongeza ya afya, maana hayo yanamwangusha mkimbiaji kimyakimya.

Asipoze miguu ziwani baada ya mazoezi. Ufukwe wa Ziwa Victoria una kichocho cha tumbo, na malambo na majaruba ya mpunga ya bara yana kile cha kibofu. Mdudu anapenya ngozi ndani ya dakika chache. Mkimbiaji ataona tu kwamba mizunguko ya sekunde 62 imekuwa 64 na hajui kwa nini. Akiwa amegusa maji hayo apime choo na mkojo. Dawa ya praziquantel hutolewa kwa uzito, kawaida miligramu 40 kwa kilo, lakini haiui minyoo michanga, kwa hiyo kipimo kirudiwe baada ya wiki 6 hadi 8. Apoze miguu kwa maji ya bomba kwenye ndoo.

Homa yoyote kambini apime malaria siku hiyohiyo. Akikutwa nayo, amalize dozi zote sita za dawa mseto, na asirudi kwenye kasi kwa sababu tu homa imeshuka. Damu inachukua wiki kadhaa kurudi. Apime wingi wa damu kabla ya kurudia mita 200.

Chuma: dagaa wa ziwa, maharage, mboga za majani na chungwa pamoja. Chai isubiri saa moja baada ya chakula, kwa sababu inazuia chuma kunyonywa.

Vumbi ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Kuchoronga kwa upepo na kukata kora kavu hutoa vumbi la kwatzi lisiloonekana kwa macho, na kovu linaloacha kwenye mapafu halifutiki. Msumeno ukate kwa maji muda wote. Barakoa iwe ya kuchuja vumbi, iliyobana uso; ndevu zinaiharibu. Asimame upande upepo unakotoka.

Na ule mtindo wa wanajiolojia kulamba jiwe ili rangi ionekane, auache kabisa karibu na makarasha (mashine za kusaga mawe) na marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa) ya wachimbaji wadogo. Kuna zebaki hapo. Chupa ya kunyunyizia maji inatosha.

Nyamagana_Juu

Asanteni sana wakuu, nimemsomea yote. Swali moja limebaki: kambini kuna eneo la wazi tu, hakuna uwanja. Mita 200 atazipima na nini? Saa yake ya GPS inamwonyesha namba tofauti kila mara.

Nyundo_na_Lenzi

Saa ya GPS kwenye kona haifai. Ana tepu na dira, achore uwanja wenyewe. Ni kazi ya nusu siku kwa watu wawili.

Anahitaji eneo la mita 162 kwa 78, tepu ya chuma ya mita 50, vigingi, kamba isiyovutika na chokaa. Apige vigingi viwili vya katikati vilivyoachana mita 84.39. Kila kimoja ni kitovu cha kona. Kwenye kila kigingi atoe mstari wa pembe mraba kwa njia ya mita 3, 4 na 5, apime mita 36.60 kila upande. Sasa ana mstatili wa 84.39 kwa 73.20. Apime mishazari yote miwili: kila mmoja lazima uwe mita 111.71. Ukitofautiana kwa zaidi ya sentimita 5, pembe zimekosewa, arudie. Kisha kamba ya mita 36.60 kutoka kwenye kitovu, azungushe nusu duara, amwage chokaa.

Kwa nini 36.60: mkimbiaji hakanyagi mstari, urefu unahesabiwa sentimita 20 nje yake pasipo na ukingo ulioinuka. Nusu kipenyo cha njia yake basi ni 36.80, kona mbili zinatoa mita 231.22, na nyoofu mbili mita 168.78. Jumla 400.

Eneo likiwa dogo, mita 125 kwa 55, achore wa mita 300: vitovu viachane mita 71.46, kamba iwe mita 24.80. Kona zitakuwa kali, abadilishe upande wa kuzunguka kila zoezi ili mguu mmoja usibebe yote.

Mteremko aupime kwa kipimo cha mwinamo kilichomo kwenye dira yake. Mteremko wa nyuzi 1 kwenye nyoofu ni kama mita 1 na nusu ya kupanda, na utazidanganya sekunde zake. Hapo mita 200 zianze mara upande wa juu, mara upande wa chini, na achukue wastani wa jozi. Kamba isiwe ya nailoni, maana inavutika jua likipanda. Waya mwembamba wa kufungia nondo unafaa zaidi.

Kocha_Kirumba

Na kabla ya chokaa, atembee mzunguko mzima akiangalia mashimo ya panya na visiki. Majani akate chini ya sentimita 5. Eneo likiwa mbuga, hata likiwa tambarare kiasi gani, atafute lingine.